Nyumba Siyo Yako

Mwantum, usinipigie. Leonard yuko sebuleni, atasikia. Wewe soma tu.

Leo mafundi wamekuja kupiga lipu ukuta wa nyuma. Tipa la mchanga likaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwenye matuta yangu ya vitunguu. Nikatoka mbio, Happy ananifuata. Nikamwambia dereva, "Kaka, mwaga upande ule, hapa nimepanda."

Mara Happy akashika kiuno. Mtoto hata miaka mitatu hajafikisha! Akaniambia mbele ya mafundi wote, "Nyamaza wewe. Nyumba siyo yako."

Nyumba siyo yako!! Sauti ya baba yake kabisa, mpaka kidole kakinyoosha vilevile.

Mafundi wamecheka, mmoja mpaka kakaa chini. Nikamtazama Leonard, kasimama palepale na mafundi, nikajua sasa atamkanya mwanawe. Unajua kasema nini? "Huyu ndiye mtoto wangu." Halafu akampungia dereva mkono amwage.

Na wakamwaga. Vitunguu nilivyovimwagilia kwa ndoo kiangazi chote, vyote viko chini ya mchanga.

Nikambeba Happy chumbani. Sikumchapa, Mwantum, ningemchapa kwa kosa gani? Nikamuuliza taratibu, "Nani kakufundisha kumwambia mama hivyo?"

Akanishika shavu, wala hana habari. "Baba. Baba akisema, wewe unanyamaza."

Mwantum, hata hapo nikanyamaza.