Neno "Chamu" na Ini la Mbuzi

Jumatano. Ukungu ulikaa juu ya mto hadi jua lilipopanda. Maji ya Tana yameanza kushuka.

Sijamwambia mtu yeyote hili: nikiwa peke yangu mtumbwini hujiita "chamu" kwa sauti, ili nisikie linavyolia.

Ndivyo aniitavyo Mzungu anayepima mto, kila asubuhi nikimsomea namba kwenye ufito wake wa kupimia maji kabla ya shule. Nilimwuliza maana. Alisema halimo katika vitabu vyetu; ni neno la mchezo la wavulana wa kwao, wanaolala chumba kimoja na kugawana mkate. Rafiki, basi.

Mimi sina marafiki wengi. Neno hilo nililipeleka nyumbani kama samaki mkubwa.

Baba hakucheka. "Mmekula ini?"

"Bado, Baba."

"Basi huyo ni rafiki wa mdomo. Tumfanye ndugu."

Kwetu, aliyekula ini mkononi mwako hawezi tena kukudhuru. Na vigingi vya Mzungu vimekatiza shamba letu la ukingoni, ndipo anapotaka itie nanga meli ya moshi kutoka Kipini. Hatuna shamba jingine. Juzi Baba alichinja mbuzi, akachoma ini, tukampelekea hemani.

Alilila lote. Akampiga Baba begani. "Ahsante, chamu!" Kisha akageukia jikoni: "Chamu, lete chai!"

Baba alitoka uso ukimng'aa. "Umesikia? Hata mimi kaniita. Shamba limepona."

Nilikuwa nimesikia zaidi yake. Mpishi ni chamu. Wapagazi ni chamu, hata anapowafokea. Kiboko aliyetaka kutupindua wiki iliyopita naye aliitwa chamu. Mzungu hulitupa neno hili kwa yeyote aliye karibu, na hulisahau kabla halijaanguka chini. Sisi neno la undugu tunalisema mara moja, na nyama hutangulia.

Hakunidanganya. Hilo ndilo linaloniuma. Alinipa neno jepesi, nami nikalipakia shamba zima.

Jana Baba alipanda mpunga katikati ya vigingi, akiimba.

Leo alfajiri nilikwenda hemani. Mimi ambaye darasani hunong'ona hata jibu nilijualo, nilisimama mlangoni.

"Bwana," nikasema, "lile ini halikuwa chakula tu."

Nikamweleza yote: ini, undugu, mpunga. Alianza kucheka, akaacha. Aliweka chini kikombe chake cha chai. Hakuniita chamu. Aliniuliza jina langu, mara ya kwanza tangu tujuane.

"Komora," nikasema.

"Komora, nionyeshe vigingi."

Nikatangulia. Alivitazama, akautazama mpunga, akaving'oa kimoja kimoja na kunipa nivishike. Tukatembea na ukingo hadi kwenye vichaka, mahali pasipolimwa na mtu, akaanza kupima upya.

Nilimsomea namba mpaka akamaliza. Kisha nikakimbia shuleni, mikono ina tope, kengele imekwisha kulia.