Papa, Kichina Chako Kimenifikisha Hapa

Papa,

Mama hataki nikuandikie. Anasema aliyelala aachwe alale. Lakini hili siwezi kumwambia yeye, na mtu mwingine wa kumwambia sina. Kwa hiyo nivumilie.

Tangu tukuzike, Wachina wa mashamba ya mpunga njia ya Bengamisa walikaa bila mkalimani. Wakaletewa kijana kutoka Kinshasa aliyedai amesoma Kichina, akaishia kuongea kwa mikono. Chen, yule rafiki yako wa kupiga naye soga ukingoni mwa majaruba, alipoona mambo hayaendi akaja mwenyewe nyumbani kunitafuta. Leo mimi ndiye ninayesimama mahali pako, kwenye matope, kati yao na wakulima. Majirani waliokuwa wakikuita Papa Chinois, yaani Baba Mchina, na kukuuliza kama umeshaanza kula nyoka, sasa wananisalimia kwa adabu. Heshima yako imekuja ukiwa udongoni, pole sana.

Na faida ulizonihubiria zimekuja, sibishi. Wali haukosekani kwa Mama, nawe unajua sisi watu wa Maniema bila wali hatujala. Mdogo wangu Furaha amerudi shule. Na kuna faida ambayo hukunitajia. Mara mojamoja Chen akizungumza, nasikia vile ulivyokuwa ukitamka wewe, maana ulijifunza kutoka kinywani mwake. Basi nakusikia. Siku nyingine inabidi nigeuze uso, nijifanye natazama maji.

Unakumbuka jioni zile za kunifundisha Kichina, Mama akitwanga majani ya muhogo ya pondu na kulalamika kwamba unanipotezea wakati, nawe ukimjibu kupitia kwangu: «Kifaransa kila mutu iko nayo. Hii, mutoto yangu, utakuwa nayo peke yako.» Ni kweli. Ninayo peke yangu, Papa, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Wiki hii walikuja wageni wakubwa wa Chama. Wakulima wakatolewa shambani tangu asubuhi, wakapangwa mistari wacheze na kuimba sifa za Kiongozi. Unaijua hiyo animation yao. Mpunga uliovunwa ulikuwa umeanikwa nje. Mvua ikanyesha, na hakuna aliyethubutu kuacha mstari akaufunike. Chen akamnong'oneza mwenzake kwa Kichina kwamba labda mpunga nao unangoja kupigiwa makofi. Nikacheka. Papa, nilicheka kwa sauti, katikati ya wimbo!

Bwana mmoja mwenye koti la abacost la kijivu, ambaye hajawahi kuuliza lolote kuhusu mpunga, akanivuta pembeni. «Citoyenne, Muchina alisema nini?» Nikamjibu, «Alisema ngoma iko muzuri.» «Alors, iko nini ya kucheka?» Nikageuka kupiga makofi pamoja na wengine. Akatabasamu, akasema hakuna tatizo. Ila kuanzia Jumatatu nitapita ofisini kwake kila wiki, nimweleze wanayosemezana Wachina wakila, wakipumzika, wakidhani hakuna anayewasikia. Kisha akaniuliza Mama anaendeleaje. Alimtaja kwa jina.

Naogopa. Nakuambia wazi, naogopa. Nikikataa, hawataishia kwangu. Nikikubali, nitamsaliti Chen, mtu aliyeketi kwenye mkeka wa matanga yako mpaka wengine wote wakaondoka. Hakujua desturi zetu hata moja. Alikuwa ananitazama mimi, ajue wakati wa kusimama na wakati wa kuketi.

Na wewe umenyamaza tu. Nimekukasirikia, Papa, nisikufiche. Ulinifundisha kusalimia, kuhesabu, kuomba maji, hukunifundisha la kufanya nikiulizwa hivi.

Basi nimeamua mwenyewe. Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda ofisini, nitang'oa shina la mpunga, nimwonyeshe Chen majani kama mtu anayeuliza habari za wadudu. Kwa Kichina nitamwambia asiseme tena mbele yangu chochote kisichokuwa cha kazi, yeye wala wenzake, hata habari za watoto wao. Hatauliza kwa nini. Nadhani kwao pia watu wanajua kunyamaza. Halafu nitaenda kumwambia yule bwana kwamba Wachina wanazungumza mpunga tu, na itakuwa kweli.

Lakini nami nitakuwa nimejifungia mlango. Nitabaki na maneno ya maji, mbegu na mbolea. Yale ya kutaniana, yaliyokuwa na sauti yako ndani yake, nitakuwa nimeyafukuza kwa kinywa changu. Inaniuma kama nakuzika mara ya pili.

Pumzika, Papa yangu. Nakuahidi, neno la Chen halitatoka kwangu. Na nikizidiwa na hamu ya kuongea, nitakuja hapo ulipo, niongee nawe Kichina, polepole, mpaka niridhike.

Binti yako,
Zaina