Pijo la Mama Mkubwa

Jumapili, 9 Juni 1996
Nimetoka kanisani, moja kwa moja kwa Mama Mkubwa kulifuta Pijo. Nimewafukuza kuku siti ya nyuma. Mmoja ametaga tena. Peugeot 404, rangi ya maziwa, mlango wa dereva unafunga taratibu, tap. Landrova za siku hizi hazifungi hivyo. Matairi hakuna, liko juu ya mawe tangu Baba Mkubwa afariki. Lakini usukani! Mweupe, mwembamba. Nalitaka hili gari. Nina miaka kumi na sita na sitaki kitu kingine duniani.
Mama Mkubwa anasema nikikua ni langu. Kasema mbele ya Mama, kwa hiyo ni ahadi.

Jumanne, 11 Juni
Vumbi. Kiangazi hiki kinaudhi. Maji matupu hayaling'arishi. Nimechovya kitambaa kwenye mawese ya Ikola, nimelipaka lote, boneti mpaka buti. Limewaka! Linaonekana toka barabarani. Mama kauliza mbona mawese yamekwisha upesi. Nimekificha kitambaa.

Ijumaa, 14 Juni
Watu wanasimama kuliangalia. Nimevimba kichwa. Ila Mzee Masanja, yule mfugaji wa Magamba, ameshuka kwenye baiskeli, akalizunguka, akachungulia chini, akaligonga ubavuni kama anachagua fahali mnadani. Mtoto wake ni fundi gereji Tabora. Sijapenda.

Jumamosi, 15 Juni
Mzee Masanja amerudi na ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Wabadilishane na gari. Mama Mkubwa amekubali.
Nimelia mbele za watu. Nimemkumbusha ahadi. Kasema, "Mwanangu, hilo gari miaka yote sijalikamua hata kikombe." Watu wakacheka. Namchukia Mzee Masanja. Na ng'ombe wake namchukia.
Miaka yote alipita pale akaona banda la kuku tu. Ni mawese yangu. Nimempambia mwenzangu bibi harusi. Mjinga mimi!

Jumatano, 19 Juni
Siendi kwa Mama Mkubwa. Kaniletea maziwa, nimekataa. Wadogo zangu wamekunywa yote. Mama kasema nisimnunie mjane. Najua. Najua, lakini bado nalitaka.

Alhamisi, 20 Juni
Mtoto wa Mzee Masanja kashuka na treni, kaja na matairi. Wameyafunga, wamelishusha kwenye mawe. Injini imekufa, kwa hiyo ni kusukuma hadi stesheni, lipakiwe behewa la wazi. Wakabishana nani ashike usukani. Wote mijitu mizito. Fundi akaniona nimesimama kwenye ua wa minyaa.
"Huyo binti mwepesi. Apande."
Wazee wakaguna. Nikapanda kabla hawajabadili mawazo.
Nimeliendesha. Mimi! Mwanzoni usukani ulikuwa mzito, kisha likaanza kunitii. Fundi anapiga kelele, "Kata kulia, dada! Kata!" Nikakata. Watoto mbio nyuma yetu. Sokoni nikawapungia watu mkono, potelea mbali. Nilitaka stesheni ihame, iende mbali, huko Kaliua.
Tulipofika sikushuka. Fundi hakunifukuza. Aliegemea mlango, akasubiri. Kasema atalifufua, litanguruma. Namwamini, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Nikashuka. Wakalifunga kamba.

Ijumaa, 21 Juni
Treni imeondoka. Sikwenda kuangalia.

Jumapili, 23 Juni
Nimekwenda kwa Mama Mkubwa. Kanimiminia maziwa, nimekunywa. Matamu, siwezi kusema uongo. Pale lilipokuwa gari pamebaki udongo mweusi, mbolea tupu. Mama Mkubwa kaja na jembe, anataka kupanda matembele.
Nimemwambia asipande. Nitaegesha wapi langu?
Kacheka mpaka kanga ikamdondoka. Kisha kabeba jembe lake, kaenda kulima upande wa pili wa nyumba.