Macho ya Bwana Matairi

Mjomba,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi, lakini mdomo wangu haujazoea kukupita bila salamu. Nimekaa kwenye benchi lako hapa karakana ya Njoro, nina furaha, na ni furaha mbaya. Nimekulipizia kisasi kwa Bwana Matairi, yule tajiri wa duka la matairi.

Mengi yamebadilika tangu utuache. Kule Old Moshi wameng'oa kahawa nusu ya kihamba, shamba letu la ukoo, wakapanda nyanya, maana wanunuzi binafsi ni wengi na bei hakuna. Fimbo za gofu za mitumba zinaingia mjini kwa mafungu, na wenye pesa wanazichukua bila kuzijaribu, ilimradi zinang'aa. Wakishazichoka wananiletea mimi. Mwanzoni walikuwa wananiuliza fundi yuko wapi. Siku hizi hawaulizi.

Ile siku ya fainali ya gofu pale klabuni sijaisahau hata kidogo. Bwana Matairi alikuwa amekuletea weji yake, ile fimbo fupi ya kunyanyulia mpira ukiwa karibu na shimo. Ukaitoa kutu, ukaipasha moto, ukaizamisha kwenye oili chafu ikatoka nyeusi, ili jua lisimpige machoni. Ulimfanyia wema, hakukuomba. Tukaenda kumtazama akicheza, mimi na wewe, tumesimama pembeni kwenye shimo la mwisho. Akaichomoa weji, akaitazama chini pale karibu na mpira, akairudisha kwenye mkoba. Akachukua nyingine. Akairudia ya kwanza. Ukaninong'oneza, "Huyu ameshapotea, Manka. Weusi unamfanya aione ndogo." Akapiga, mpira ukaenda mferejini.

Halafu akageuka akakunyooshea kidole mbele ya watu wote. "Mzee huyu haoni tena. Ameipinda fimbo yangu."

Ulirudi nyumbani ukaipima kwa kile kipimo chako cha ubao. Ulikuwa umeipima ulipomaliza kazi, sasa ukaipima tena, na mlalo wa kichwa chake ulikuwa uleule, haikupinda. Kesho yake ukaweka kipimo kwenye kapu, ukaenda kuwaonyesha watu wa klabu. Mlinzi akakuzuia getini, akasema ameagizwa. Miaka thelathini ulipita geti lile, Mjomba, na kijana yule alikuwa hajazaliwa ulipoanza. Ukarudi na kapu lako. Baada ya hapo hakuna aliyekuletea fimbo, na wewe ukawa unashinda kihambani unapogoa migomba ambayo haikuhitaji kupogolewa. Niliona. Sikusema kitu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Akaja msibani kwako. Alikula ndizi zetu, akanywa mbege yetu, akasimama kutoa neno. "Alikuwa fundi mzuri, ila mwishoni macho yalimwishia." Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Nilikuwa nimeshika beseni la kunawisha wageni na nilitamani kumwagia maji yote usoni. Badala yake nikamnawisha mikono, nikamwambia pole kwa safari.

Mwaka mzima nilikuwa naitafuta dawa yake. Nikapata vichwa viwili vya weji kwenye mitumba, pacha. Nikavisawazisha kwa tupa, jioni baada ya jioni, mpaka kipimo chako kikakaa sawasawa kwa vyote viwili na mizani ya sonara ikashindwa kuvitofautisha. Kimoja nikakisugua mpaka unajiona sura. Kingine nikakizamisha kwenye oili, kama ulivyofanya wewe, kisha nikavitia mipini inayofanana.

Jumamosi moja nikaomba ruhusa kuuza fimbo kule uwanjani. Wanaume wote wa klabu walikuwepo kwenye veranda. Bwana Matairi akashika inayong'aa, akapiga mipira mitatu, yote ikalala karibu na shimo. "Hii ndiyo fimbo," akasema. Akashika nyeusi, uso ukamkunjamana kabla hajapiga. Mpira wa kwanza ukaenda majanini, wa pili vilevile. Nikamuuliza kwa adabu kasoro yake nini. Akasema imepinda, tena ni nyepesi. Nikamwomba arudie, wazee wa kule nyuma hawakusikia. Akarudia kwa sauti.

Nikatoa kipimo chako nikampa daktari mstaafu, ambaye wote pale wanamwamini. Akapima ya kwanza, akapima ya pili, akapima tena zote mbili polepole. Akasema hazina tofauti. Mmoja akasema, "Kumbe mzee wa watu alionewa." Ningetaka ulisikie lile neno kwa masikio yako.

Nilidhani yataishia hapo. Hayakuishia. Tangu siku ile Bwana Matairi hawezi kuchagua fimbo. Anasimama juu ya mpira anatazama, anabadilisha, anatazama, wenzake nyuma wanakohoa. Juzi alikuja hapa na weji sita. Nikamwamkia. Akaketi kwenye kiti chako cha wageni, akaniambia taratibu, "Mwanangu, niangalizie wewe. Mimi macho yangu siyaamini tena."

Mjomba, dawa yake naijua. Ulinifundisha mwenyewe: mstari mwembamba wa rangi nyeupe kwenye ukingo wa chini, jicho linapata pa kushika, mtu anatulia. Ni kazi ya dakika mbili. Kopo la rangi lilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Nikazipima zote sita mbele yake nikamwambia ukweli mtupu, kwamba fimbo zake ni nzima. Akaninamishia kichwa kama mgonjwa aliyeambiwa haumwi, akaondoka.

Najua wewe ungempakia ile rangi. Usingemwacha hata afike mlangoni. Nakupenda kwa hilo, na sitakuiga.

Pumzika, Mjomba. Kaburi lako nalipalilia, na jina lako sasa linatajwa vizuri mjini. Akija tena nitamwamkia, nitampisha kiti, nitampimia bure. Rangi nyeupe hataiona.

Mpwa wako,
Manka