Kwa Mama Adelina, Aliyemwacha Kabula Stesheni

Mama, mwaka umetimia tangu uiache cherehani yako kwenye baraza la duka la Mzee Popatlal, sketi ya shule ikiwa bado chini ya sindano, ukasema unakwenda kupumzika kidogo. Hukurudi. Naandika mimi Recheli, mwanao wa kwanza, kwa niaba ya wote nyumbani.

Watoto wanakujua kwa vitabu vya Kabula, yule msichana mkaidi anayepotea katika kila kitabu, na kila mara hufika kwao. Wengi hawakujua kuwa mwandishi wao alikuwa fundi wa sare za shule. Ulitoka Kwihara kwa baiskeli kila asubuhi kwenda dukani, kwa njia ile ya zamani ya misafara, ukiongea peke yako maneno ya hadithi zako. Mtu akikupa shikamoo, unamjibu, "Usimfungulie fisi mlango." Tulikuwa tunaona aibu, Mama, nikwambie ukweli. Na chai uliitia chumvi mara ngapi, ukainywa hivyo hivyo.

Mtoto akija kupimwa, ulimsimulia hadithi huku futi ikining'inia shingoni. Siku ya kuchukua nguo, sharti akusimulie yeye. Alichosahau ulikitupa, alichoongeza ulikichukua, na hapo ndipo ulipoandika. "Mimi nashona tu," ulituambia. "Anayevaa ndiye anayejua inapobana."

Habari za Bukene ulitueleza mara moja tu. Tulikuwa kwenye treni ya Mwanza, stesheni ya Bukene ilipokaribia ukafumba macho, mdogo wangu Eustace akauliza kwa nini. Ukasema ulipokuwa mdogo mama yako alikukalisha pale juu ya kiroba, akachukua ndoo, akakwambia, "Nakwenda kuchota maji, usiondoke." Treni ikaja, ikaondoka, na yeye hakuonekana tena. Muuza vitumbua, Bibi Katarina, ndiye aliyekuokota akakulea. Kisha ukaomba chungwa.

Wiki yako ya mwisho ulimsimulia Elieth, mwenye ile sketi, hadithi mpya. Kabula amekaa juu ya kiroba stesheni, mama yake kaenda kuchota maji. Mzee Popatlal alikuwa anasikiliza akiwa kaunta. Anasema ulifika pale treni inapopiga honi, ukaishia hapo. Elieth akauliza, "Mama yake alirudi?" Ukamwambia, "Njoo Ijumaa."

Ijumaa tulikuzika Kwihara. Elieth alikuja msibani, akaniuliza mimi swali lile lile. Wachapishaji wakatuomba tuimalizie wenyewe, nikakataa kwa hasira, maana mtoto hadanganywi kuhusu mama yake. Nilijua tu kwamba Kabula amebaki pale peke yake, na iliniuma.

Mwezi wa nane Eustace akasafiri kwenda Mwanza. Pale Bukene, chini ya dirisha lake, watoto wanaouza karanga walikuwa wanasimuliana. Akasikia jina la Kabula. Akasikia kiroba, akasikia ndoo. Kisha katoto kamoja kakasema, "Treni ikasimama. Mama yake akashuka, ndoo kichwani, maji hayajamwagika hata tone. Akasema, kisima kilikuwa mbali."

Eustace akauliza nani kamsimulia. "Si tunaijua wote," kakajibu, kakamuuzia karanga.

Akanipigia simu analia. Nikamwambia, Mama hakuisimulia hivyo. Akaniuliza, "Kwani dada, desturi ya Mama ilikuwa ipi?" Hadi leo tunastaajabu, Mama. Hatujui hadithi yako ilipandaje treni, wala ni mtoto gani aliyeimalizia. Imerudi kinywani mwa mtoto, tena pale pale Bukene, nawe ulisema wanachorudisha ndicho cha kuandika.

Basi tumeiandika, bila kugusa neno. Sketi ya Elieth aliimalizia Mzee Popatlal mwenyewe. Upindo umekwenda kombo, ungemcheka mpaka jioni.

Unakumbukwa na mumeo Vedasto, wanao Recheli na Eustace, wajukuu zako, jirani yako wa barazani Mzee Popatlal, Elieth, na watoto wote uliowapima mabega. Tutakukumbuka maisha yetu yote.

Fumbua macho, Mama. Treni imefika Bukene, na mama yako anashuka na ndoo yake.