Chai ya Bosi wa Shiling

Neema mjukuu wangu,

Hujambo huko Guangzhou? Huku Moshi tu wazima, babu yako kikohozi kimemwachia. Unasema yule bosi wa kiwanda cha mtaa wa Shiling aliyekuharibia oda ya mikoba hajaomba radhi, anakumiminia chai tu.

Enzi zangu nikifuata nguo za biashara soko la Sanyuanli, hukohuko Guangzhou, mwenye duka aliniuzia suruali zenye zipu mbovu. Nilinuna, nikisubiri neno la radhi. Yeye akanishikia kikombe kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. Chai ikapoa. Akaimwaga, akamimina ya moto, akainama tena. Mzee mzima, mbele ya wafanyakazi wake! Ndipo nikaelewa: kikombe kile ndicho radhi yake. Nikapokea kwa mikono miwili, nikanywa. Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, machozi yakimlengalenga.

Neema, kikombe cha bosi wako ulikinywa, au ulikiacha mezani?

Bibi yako