Migongo ya Barabara ya Sokoni

Kibondo, Jumapili

Nimerudi kutoka Kasulu na hasira ambayo sijui nimtupie nani. Mzee mmoja mpiga picha alitufungulia boksi la picha zake za barabara ya sokoni, za miaka ile tulipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi. Nilikuwa natafuta uso wa mama tu, maana alikufa bila kuacha hata picha moja. Nikaona maduka, baiskeli zenye mikungu ya ndizi, na wanawake wengi waliogeuka.

“Hao wakiona kamera walikuwa wananipa mgongo,” mzee akasema. “Sijui niliwakosea nini.”

Mama mdogo, niliyekwenda naye, aliziinamia picha. Kisha akasema taratibu, “Hatukuwa na kibali cha kutoka kambini, mzee. Tuliogopa picha zitafika polisi.”

Akaweka kidole kwenye mgongo mmoja. “Huyu ni dada yangu. Kitenge hiki tulikikata tukagawana.”

Mzee ametupa picha hiyo. Naitazama sasa. Mama alipogeuka kuficha uso wake, aliyebaki akiiangalia kamera ni mtoto wa mgongoni.

Ni mimi.